Tarehe

Tukiandika tarehe, kwetu siku hutangulia mwezi. Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Iandike 05/07/1969, kisha uipe PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, kupitia strtotime, amri yake ya kusoma tarehe: itasoma 7 Mei, maana mkwaju (/) kwake ni desturi ya Marekani, mwezi kwanza. Weka vistari, 05-07-1969, nayo itasoma Julai. Inaniuma siku ya msiba wa taifa kurudishwa nyuma karibu miezi miwili kwa alama tu. Wajenzi wa tovuti zetu, hifadhini 1969-07-05, mwaka mbele. Msomaji mwandikieni mwezi kwa jina: Julai.