Ilemba, Chini ya Lyamba lya Mfipa

Msafiri atokaye Sumbawanga, akaiacha baridi ya uwanda wa juu wa Ufipa na kuteremka ule ukingo mrefu wa milima uitwao Lyamba lya Mfipa, hufika katika bonde la Ziwa Rukwa, nchi ya joto, ya mpunga na samaki na ng'ombe, na humo ndimo ilimo Ilemba. Nchi hii haikuumbwa fukara. Wafipa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, na nguo za pamba zilizofumwa kwa mikono zilivaliwa huku kabla merikani haijaenea. Natanguliza haya kwa sababu wako wadhanio kwamba watu wa baadhi ya nchi huzaliwa vibarua. Kumbe yaliyowatoa Wafipa katika kazi zao na kuwatia katika kazi za wengine yana majina, yana tarehe, na yana sheria zilizopigwa chapa.

Mwanzo ulikuwa wa nguvu tupu. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 mtekaji aliyeitwa Kimalaunga alijiwekea ngome bondeni, na watu waliotekwa walitiwa katika biashara iliyowapeleka mbali hata asipatikane ndugu wa kuwagomboa. Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Mapadre Weupe walioshika kituo mwaka 1885 walipokea waliokombolewa. Na mwaka 1889 akafika kwao tabibu Adrian Atiman, ambaye mwenyewe alitekwa utotoni Afrika Magharibi, akagombolewa, akasomeshwa Malta, kisha akawatibu watu wa ziwa hilo mpaka alipofariki mwaka 1956. Hospitali moja ya Sumbawanga ina jina lake hata leo.

Kisha ikaja kodi. Wajerumani waliitoza nyumba kuanzia mwaka 1898, nayo ilitaka fedha, na fedha haikuwako bondeni. Ilikuwako mashambani, hasa kwenye mkonge ambao Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893. Waingereza walipotwaa nchi waliufuta utumwa kwa sheria ya mwaka 1922, jambo jema lisilo shaka. Lakini sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka uliofuata ikamfanya kibarua aliyeiacha kazi kabla ya muda wake kuwa mhalifu wa kushitakiwa. Sisemi kwamba manamba, yaani kibarua huyo wa mkataba, alikuwa mtumwa, maana alikuwa na mkataba, na ujira wake, na siku ya kurejea kwao. Nasema kwamba aliyeutia mkataba ule alama ya kidole, hajui kusoma, hajapata kuliona shamba la Tanga wala la Morogoro, hakuwa na hiari kamili.

Wakati wa Vita vya Pili serikali iliwatwaa watu kwa lazima wakafanye kazi mashambani, na mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda shirika lao la kuajiri, SILABU, ambalo Ufipa ilikuwa miongoni mwa nchi zake za kutafutia watu. Safari ilikuwa ya lori na garimoshi, kuivuka takriban nchi nzima iliyoitwa Tanganyika, kutoka magharibi hata mashariki. Huko kazi ilihesabiwa kwa kipande cha siku thelathini: siku isiyotimizwa ngwe yake haikuandikwa, na mgonjwa aliiona karatasi yake ikikaa tupu. Mke aliyebaki bondeni alilima peke yake, akalea peke yake, wala jina lake halikuingia katika daftari lolote la gharama za mkonge.

Mawakala wa SILABU wametoweka, na mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa mwaka 1967. Hata hivyo, wakala hajaisha, amebadili sura. Leo aghalabu ni shangazi wa mbali au jirani mwenye simu, amwahidiye mzazi kwamba binti atasomeshwa mjini, kisha binti huyo akawa dada wa kazi, wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala, na mshahara, ukilipwa, hupitia mikononi mwa aliyempeleka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Ile ya mwaka 2008 yaharamisha usafirishaji wa binadamu. Na amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilimtajia mtumishi alalaye kwa mwajiri shilingi 60,000 kwa mwezi. Lakini mkaguzi wa kazi hapigi hodi jikoni kwa mtu.

SILABU, pamoja na ukali wake wote, iliandika nani amechukuliwa na amepelekwa wapi. Basi ofisi ya kijiji nayo na iwe na daftari: jina la mtoto aondokaye, jina la amchukuaye, nyumba aendayo na namba ya simu ya huko, na mtendaji apige simu hiyo kila mwezi, aisikie sauti ya mtoto mwenyewe.