Tarikhi ya Vitabu vya Ndege wa Afrika ya Mashariki

Mtu anayetembea leo kando ya ziwa la Naivasha, au chini ya miti ya Amani, akiwa na darubini shingoni na kitabu cha ndege mkobani, aghalabu hafikiri kwamba kitabu kile kina nasaba ndefu. Naye ana udhuru, kwa kuwa kitabu chenyewe ni chepesi, picha zake ni safi, na maelezo yake ni mafupi kana kwamba mambo haya yalijulikana tangu dahari. Walakini kila mstari uliomo humo ulinunuliwa kwa safari, kwa baruti, kwa maradhi na kwa subira ya watu wengi, ambao baadhi yao majina yao yamechapwa juu ya majalada, na wengi wao hawakuandikwa popote. Tarikhi hiyo yastahili kusimuliwa kwa lugha ya watu ambao ndege hao huimba juu ya mapaa yao.

Ilimu ya viumbe haikuanza kuandikwa jana. Al-Jahiz wa Basra, aliyeishi katika karne ya 9, aliandika kitabu kikubwa cha wanyama, na baada yake akatokea Misri mwanazuoni al-Damiri, aliyefariki 1405, ambaye kitabu chake cha uhai wa wanyama kilipangwa kwa utaratibu wa herufi, na chini ya kila jina akakusanya maana yake katika lugha, hadithi zilizopokewa, hukumu ya sheria juu ya kuliwa kwake, mithali za Waarabu, dawa zitokanazo naye, na taabiri ya mtu amwotaye usingizini. Katika vitabu vya namna hiyo ndege alikuwa mlango wa kuingilia katika mambo ya wanadamu. Msomaji alimwendea hudihudi kwa sababu ya Nabii Sulaiman, na kunguru kwa sababu ya wana wa Adam. Vitabu vya Wazungu vya karne ya 19, ambavyo ndivyo vilivyozaa kitabu kilichomo mkobani, vilifuata njia nyingine: vilimtaka ndege kwa ajili ya nafsi yake, lakini vilimtaka akiwa maiti.

Kitabu cha kwanza kikubwa juu ya ndege wa upande wetu kilitokana na safari za Carl Claus von der Decken, mtu wa Ujerumani aliyekwea Kilimanjaro bila kufika kileleni, na ambaye mwaka 1865 aliuawa Bardera, katika mto Juba. Ndege waliokusanywa katika safari zile walipelekwa Ulaya, na huko Bremen mabwana wawili, Otto Finsch na Gustav Hartlaub, wakawaandika katika juzuu iliyotoka 1870. Haukupita muda mrefu ila tabibu wa Kijerumani, Gustav Fischer, akaja kukaa Unguja na kusafiri bara, akipeleka mizigo ya ngozi kwa Anton Reichenow wa Berlin, ambaye kati ya 1900 na 1905 alitoa juzuu tatu za ndege wa Afrika nzima. Kwa hiyo yule kasuku mdogo wa nchi za kusini ya Ziwa Viktoria, mwenye uso mwekundu na mgongo wa kijani, ana jina la Fischer katika vitabu vya ilimu mpaka leo, na hondohondo mmoja wa nyika kavu ana jina la Decken.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndege alipigwa kwa marisau madogo ili mwili wake usiharibike. Kisha mchunaji akampasua tumboni kwa kisu chembamba, akaitoa nyama yote na kuacha fuvu la kichwa na mifupa ya miguu na ya mbawa, akaipaka ngozi sabuni iliyotiwa sumu ya aseniki ili wadudu wasiile, akaijaza pamba, akaifunga mguuni kikaratasi chenye jina la mahali, tarehe, na kama ni dume au jike. Kazi hiyo yataka mkono mwepesi kuliko wa sonara, nayo ilifanywa kwa sehemu kubwa na vijana wa Kiafrika waliofundishwa kambini, waliokuwa pia wakijua, kabla ya kufundishwa na mtu yeyote, ni mti gani huliwa na njiwa gani, na saa gani kwale hutoka kichakani. Sanduku lilipofika London au Berlin, mwandishi alizipanga ngozi mezani, akapima ubawa, mdomo na muundi, na hayo ndiyo yaliyokuwa maarifa ya ndege.

Mtu aliyeyafikisha maarifa ya namna hiyo kwenye ukomo wake ni Frederick Jackson. Alikuja pwani yetu 1884 kwa uwindaji, akaingia katika utumishi wa Waingereza, akawa Gavana wa Uganda, na katika miaka yote hiyo hakuacha kukusanya ndege. Naye ni miongoni mwa waasisi wa jumuiya ya ilimu ya viumbe iliyoundwa Nairobi 1909, ambayo juhudi zake ndizo zilizozaa makumbusho ya mji ule. Alifariki 1929 kabla ya kukikamilisha kitabu chake, nacho kikamalizwa na W. L. Sclater na kutoka 1938 katika juzuu tatu nene, juu ya ndege wa Kenya na Uganda. Ni kitabu chenye heshima, na ndani yake mna mambo mengi aliyoyaona mwenyewe porini kwa macho ya mwindaji hodari. Walakini hakuna awezaye kuzichukua juzuu tatu msituni, na mwenye kukitumia sharti awe na ndege mkononi, kwa maana mara nyingi kitabu kinamuuliza vipimo ambavyo ndege aliye juu ya tawi hawezi kuvitoa.

Wakati kitabu hicho kikichapwa, katika milima ya Usambara jambo jipya lilikuwa limeanza. Amani, mahali palipoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kwa utafiti wa mimea na kilimo, alifika 1928 mtu wa hesabu aitwaye Reginald Moreau, ambaye hakupata kusomea viumbe katika chuo chochote. Yeye pia alikusanya ngozi, na ndege mmoja mdogo wa vichaka vya Amani alipewa jina lake na yule yule Sclater mwaka 1931. Naye Moreau mwaka 1938 akampa ndege wa milima ya Uluguru jina la mkewe Winifred, aliyekuwa mwenziwe katika kazi. Lakini fadhila yake kubwa si majina hayo, bali ni kwamba alijua kuuliza ndege anafanya nini akiwa hai. Aliwaweka wasaidizi wake Waafrika mbele ya viota, wakakaa tangu alfajiri wakiandika kila mara mzazi aendapo na arudipo na chakula. Na kwa njia hiyo yeye na mkewe wakaeleza maisha ya hondohondo wa Usambara, ambaye jike lake hujifungia ndani ya tundu la mti kwa udongo, akabakisha ufa tu, na dume likamlisha matunda kwa zaidi ya miezi mitatu mpaka kinda limekua. Bunduki haiwezi kueleza jambo kama hilo. Palihitajiwa macho yenye subira, na macho hayo yalikuwa ya watu wa pale pale.

Visiwani nako, R. H. W. Pakenham, afisa wa serikali ya Unguja, aliwafanyia ndege wa Pemba kazi kama hiyo: mwaka 1937 akamtambulisha kwa wanazuoni bundi mdogo asiyepatikana popote duniani ila katika kisiwa kile, na mwaka 1940 akamtambulisha ninga wa Pemba, na orodha yake ya ndege wa Unguja na Pemba ikatoka 1979.

Huku nyuma, Marekani, umbo la kitabu lilikuwa limebadilika. Mwaka 1934 kijana mchoraji, Roger Tory Peterson, alitoa kitabu kidogo ambamo ndege walichorwa wakiwa wamesimama namna moja, na vistari vikielekeza jicho kwenye alama moja au mbili zinazomtenga kila mmoja na mwenziwe, iwe ni mfuo juu ya jicho au weupe mkiani. Darubini za macho mawili zilikuwa zimekwisha kuwa nyepesi, na mtu akaweza kusema ndege ni fulani bila kumuua. Utaratibu huo uliletwa kwetu na John Williams wa makumbusho ya Nairobi, katika kitabu chake cha mkononi cha 1963, na kuanzia hapo mwalimu, dereva wa watalii, au kijana wa sekondari aliyeweza kuazima nakala aliingia katika ilimu iliyokuwa milki ya magavana na matabibu. Tangu 1971 watu wamekuwa wakikutana Nairobi kila Jumatano asubuhi kwa matembezi ya kutazama ndege, na katika matembezi ya namna hiyo wamefunzwa Waafrika wengi walio leo mabingwa wa fani hii. Mwaka 2002 Terry Stevenson na John Fanshawe wakatoa kitabu kimoja cha Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, chenye aina 1,388 na picha za rangi, na kazi iliyojaza makabati ya Bremen na Berlin ikaenea katika mkono wa mtu mmoja.

Isidhaniwe kwamba kwa hayo daftari limefungwa. Mwaka 1991, katika milima ya Udzungwa, watafiti waliopiga kambi msituni waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege ambayo haikuwa ya kuku; na walipofuatilia, ikadhihirika kuwa ni kwale ambaye ilimu haijapata kumwandika, na ambaye jamaa zake wa karibu wako katika misitu ya Asia. Alitangazwa rasmi 1994. Watu waliomnasa na kumpika hawakuona ajabu yoyote, kwa kuwa kwao alikuwa ni kitoweo.

Kisa hicho chabeba hukumu ya tarikhi yote hii. Maarifa ya ndege wetu hayakuletwa na meli. Yalikuwapo, katika vichwa vya warina asali waliomfuata mlembe, vya wavuvi waliowatazama membe kujua samaki walipo, na vya watoto walinda mpunga waliojua mnana wa kila rangi. Lililokosekana lilikuwa ni kuandikwa. Waandishi waliotajwa hapa wanastahili shukrani, kwa maana waliandika, na waliandika kwa uaminifu. Lakini waliandika kwa Kijerumani na Kiingereza, na majina ya kienyeji, tabia za ndege walizozijua wazee, na majina ya wachunaji na wakaa-viotani waliowatumikia, yakapita pembeni mwa kalamu.

Basi neno langu kwa msomaji, hususa mwalimu na kijana mwenye daftari, ni kwamba juzuu inayokosekana katika safu hii ni ya kuandikwa na yeye. Aanze na ndege wa kitongoji chake: amwandike jina aitwalo pale, chakula chake, mwezi atagao na mti ajengao kiota, na mzee aliyemweleza hayo amwandike pia kwa jina lake kamili. Misitu ya Pemba na ya Usambara inapungua, na wazee wanatutoka. Kazi hii haina gharama ila wakati, nayo haifai kuahirishwa.