Tarehe ya Bonneville

Bonneville ilikuwa mahali kabla haijawa pikipiki. Ni uwanda wa chumvi katika jimbo la Utah, Marekani, tambarare isiyoota hata jani, ambako wapenda kasi hupeleka vyombo vyao kupima mwisho wake. Septemba 1956 Mtexas mmoja, Johnny Allen, alijipenyeza ndani ya chombo chembamba kilichofunikwa mwili mzima, chenye injini ya Triumph ya cc 650 iliyonolewa, akavuka kilomita 340 kwa saa. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo lilikataa kuitambua rekodi yake, likitoa hoja kuhusu vifaa vya kupimia muda. Triumph hawakungoja ruhusa ya mtu. Waliitangaza kwa nguvu, na pikipiki yao iliyofuata wakaipa jina la uwanda ule.

Kiwanda chenyewe wakati huo kilikuwa kimeshakula chumvi nyingi. Mwanzilishi wake, Siegfried Bettmann, alikuwa Mjerumani wa Nuremberg aliyefika London katika miaka ya 1880 na kuanza kuuza baiskeli, kisha akahamia Coventry, mji wa mafundi wa baiskeli na saa. Pikipiki ya kwanza ya Triumph ilitoka mwaka 1902, ikiwa na injini iliyonunuliwa Ubelgiji. Mwaka 1913 Coventry ilimfanya Bettmann kuwa meya. Mwaka uliofuata ikazuka vita na nchi aliyozaliwa, na umeya ukamtoka. Kampuni yake hata hivyo iliuzia jeshi la Uingereza pikipiki kwa maelfu.

Mwaka 1936 upande wa pikipiki ulinunuliwa na Jack Sangster, na kiti cha msimamizi akapewa mbunifu Edward Turner, mtu mwenye kipaji kikubwa na hasira isiyopungua kipaji hicho. Mwaka uliofuata Turner alitoa Speed Twin ya cc 500. Hapa ndipo ukoo tunaousimulia unapoanzia hasa. Injini ile ilikuwa na silinda mbili zilizosimama sambamba, na pistoni zake zilipanda pamoja na kushuka pamoja. Ilikuwa nyembamba na nyepesi, na mlio wake haukufanana na wa pikipiki za silinda moja zilizotawala barabara za Uingereza. Viwanda jirani viliitazama, vikakubali yaishe, na baada ya vita karibu kila kimoja kilikuwa na silinda mbili zake za aina hiyo.

Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliiteketeza Coventry, na kiwanda cha Triumph kikaenda na mji. Mwaka 1942 kikafunguliwa kipya Meriden, kijiji kilichopo kati ya Coventry na Birmingham. Mzee yeyote wa Uingereza akikwambia pikipiki fulani ni ya Meriden, anakuambia ni Triumph halisi, na hatarajii ubishi.

Bonneville T120 ilioneshwa London mwishoni mwa 1958. Ilikuwa injini ileile ya Turner, sasa ya cc 649, ikiwa na kabureta mbili badala ya moja na nguvu farasi 46. Namba 120 ilikuwa ahadi ya maili 120 kwa saa, na kama ahadi nyingi za wauzaji, ilitegemea upepo na uzito wa dereva. Mwaka wa kwanza haikuvutia sana machoni. Taa ilifunikwa kwa bati pana na madigadi yalikuwa mazito, na Wamarekani, ambao ndio waliokuwa wakinunua sehemu kubwa ya mali ya Meriden, walinung'unika. Kufikia 1960 mabati yale yalikuwa yamevuliwa. Kilichobaki ni umbo ambalo watu wanalikumbuka hadi leo: tangi dogo la mviringo, kiti bapa, injini inayoonekana yote na mabomba mawili ya moshi yanayoshuka mbele yake.

Miaka ya 1960 ilikuwa yake. Vijana wa London waliikimbiza kutoka mgahawa hadi mgahawa kwenye barabara kuu za pembezoni. Mwaka 1969 Malcolm Uphill aliizungusha Kisiwa cha Man kwa wastani uliozidi maili 100 kwa saa, jambo ambalo pikipiki ya kawaida ya kuuzwa dukani haikuwahi kulifanya katika mashindano hayo. Wengi hudhani pia kwamba ndiyo iliyoruka uzio wa seng'enge katika filamu ya The Great Escape ya 1963. Hapana. Ile ilikuwa ndugu yake wa kabureta moja, TR6, iliyovalishwa kama mali ya jeshi la Ujerumani, na aliyeruka alikuwa Bud Ekins, rafiki wa Steve McQueen. Sifa ya filamu imeufaa ukoo mzima.

Lakini ukimsikiliza fundi badala ya mshabiki, hadithi inakuwa na mafuta zaidi. Nyumba ya krenki ya injini za Meriden iligawanywa wima, nusu kulia na nusu kushoto, hivyo ungio lake lilipita hadi chini kabisa oili inapokaa. Gasketi ikichoka kidogo, sakafu inalowa. Pistoni mbili kupanda na kushuka pamoja maana yake ni mtikisiko unaokua kila unapoongeza moto. Nati zilifunguka zenyewe, balbu zilikatika, na dereva wa safari ndefu alishuka na viganja vyenye ganzi. Kuiwasha ni kwa kupiga kiki, asubuhi ya baridi ukiwa na bahati mara mbili tatu. Wenye nazo waliyapenda hata hayo. Nadhani waliyapenda kwa sababu hakukuwa na cha kulinganisha nacho.

Kikaja. Mwaka 1969 Honda walianza kuuza CB750: silinda nne, stata ya umeme, breki ya disi mbele, na nyumba ya krenki iliyogawanywa kwa ulalo, hivyo oili inabaki mahali pake. Meriden wakati huo ilikuwa mikononi mwa kundi la BSA, na wahandisi wa kundi hilo walijibu kwa fremu mpya ya mwaka 1971 iliyobeba oili ndani ya bomba lake. Wazo halikuwa baya, ila kiti kilikaa juu mno, na watu wa urefu wa kawaida waliishia kusimama kwa ncha za vidole kwenye taa za barabarani. BSA ilianguka. Serikali ikaunganisha masalia na kampuni ya Norton chini ya Dennis Poore, na Septemba 1973 Poore akatangaza kwamba Meriden itafungwa.

Wafanyakazi walikataa. Walifunga lango, wakakalia kiwanda pamoja na pikipiki na vifaa vilivyokuwemo, na zamu za langoni zikaendelea mvua na theluji kwa mwaka mmoja na nusu. Baadaye Tony Benn, waziri wa viwanda katika serikali ya chama cha Labour, aliwapatia karibu pauni milioni 5, nyingi yake ikiwa mkopo, na mwaka 1975 Meriden ikawa ushirika wa wafanyakazi. Mwanzoni kila mtu, wa ofisini na wa kwenye mashine, alilipwa mshahara uleule. Waandishi wengi wa pikipiki huipita miaka hii haraka kwa dharau, kana kwamba ushirika ndio uliouua ukoo. Mimi naiona kinyume: bila watu wale langoni, Bonneville ingekufa mwaka 1973. Walichokosa ni fedha za kubuni injini mpya. Wakaendelea kuitengeneza ileile ya Turner, sasa ya cc 744 kwa jina la T140, wakahamisha gia kwenda mguu wa kushoto kama sheria ya Marekani ilivyotaka, na 1977 wakatoa toleo maalumu la jubilei ya Malkia. Stata ya umeme walifanikiwa kuiweka 1980, miaka kumi na kitu baada ya Honda. Agosti 1983 ushirika uliingia mikononi mwa mfilisi. Mwaka uliofuata kiwanda kilibomolewa, na juu yake zikajengwa nyumba za kuishi. Mmoja wa mitaa yake umepewa jina la Bonneville.

Aliyenunua jina na michoro hakuwa mtu wa pikipiki. John Bloor aliacha shule akiwa na miaka 15, akawa fundi wa kupiga plasta, kisha akatajirika kwa kujenga nyumba. Jambo rahisi kwake lingekuwa kufufua T140 kesho yake na kuwauzia waliokuwa wakiililia. Hakufanya hivyo. Kazi hiyo alimkodishia Les Harris, muuza spea wa Newton Abbot huko Devon, ambaye kati ya 1985 na 1988 aliunda Bonneville za mtindo wa zamani, chache, akitumia baadhi ya vifaa vya Italia. Harris aliliweka jina hai, nalo ni jambo la kumshukuru. Wakati huohuo Bloor alikuwa na kikundi kidogo cha wahandisi waliokwenda Japani kutazama viwanda vinavyofanya kazi, wakarudi na kuanza upya kwenye karatasi nyeupe.

Kiwanda kipya kilijengwa Hinckley, Leicestershire, na pikipiki zake zilioneshwa Cologne mwaka 1990 na kuingia sokoni 1991. Zilikuwa za silinda tatu na nne, zimepozwa kwa maji, hazina hata alama ya kumlilia marehemu. Hii ndiyo sehemu ya tarehe hii ninayoiona ya werevu kuliko zote. Wanunuzi wa miaka ile walikuwa bado wanakumbuka oili sakafuni. Mtu angeiweka Bonneville mpya mbele yao mwaka 1991, jambo la kwanza wangefanya ni kuinama kutazama chini ya injini. Bloor alitumia miaka kumi kuwafundisha watu kwamba Triumph haivuji, na baada ya hapo ndipo akalitoa jina kabatini.

Kwa kungoja huko alipitwa, na waliompita walikuwa Wajapani. Mwaka 1999 Kawasaki walitoa W650, silinda mbili zilizosimama, kiti bapa, tangi la mviringo. Mtu asiyejua angeapa ni ya Uingereza. Nao walikuwa na haki yao ya ukoo, kwa kuwa asili ya W zao za miaka ya 1960 ni pikipiki ya Meguro iliyoigwa kutoka BSA.

Bonneville ya Hinckley ilioneshwa mwaka 2000, ikauzwa kuanzia 2001. Cc 790, silinda mbili, pistoni zinazopanda pamoja kama za Turner, ila sasa kulikuwa na mihimili miwili ya kusawazisha mtikisiko na kamshafti mbili juu, mambo ambayo macho hayayaoni. Stata ya umeme, breki za disi. Baadhi ya wazee waliiita pikipiki isiyo na roho, na kwa kweli ile ya kwanza ilikuwa mpole kuliko jina lake. Machi 2002 moto uliteketeza sehemu ya kuunganishia pikipiki pale Hinckley. Ndani ya mwaka huohuo kazi ilikuwa imerejea. Ikafuata Thruxton kwa wapenda mbio za zamani, ikafuata Scrambler ya mabomba ya juu, injini ikapanda hadi cc 865.

Kisha sheria za moshi za Ulaya zikaondoa kabureta. Kuanzia 2008 petroli ilianza kupulizwa kwa mfumo wa kompyuta, na mabingwa wa Hinckley wakaficha mfumo huo ndani ya makasha yaliyotengenezwa yafanane na kabureta. Walipoleta T120 mpya ya cc 1200 mwaka 2016, hila iliongezeka. Injini sasa inapozwa kwa maji, lakini mapezi ya kupozea kwa hewa yamebaki ubavuni. Rejeta imefanywa nyembamba ikajibanza kati ya mabomba ya mbele ya fremu. Kichujio cha moshi kimefichwa chini ya tumbo huku mabomba yakionekana kupita moja kwa moja. Hata krenki imepindwa kwa nyuzi 270, hivyo pistoni hazipandi tena pamoja. Kwa hiyo T120 ya leo haina kipande hata kimoja cha Turner, na hata mwendo wa pistoni zake si wake. Sioni aibu katika hilo. Kabureta bandia inanichekesha, lakini ningechagua kucheka kuliko kurekebisha kabureta mbili zipumue sawasawa kila Jumamosi.

Bonneville nyingi sasa haziunganishwi Uingereza, bali katika viwanda vya Triumph huko Chonburi, Thailand. Na mwaka 2020 kampuni ilitia saini ubia na Bajaj Auto ya Pune, India, hao hao wanaotengeneza Boxer zinazobeba abiria kutoka Mwanza hadi Kampala, na vile vyombo vya magurudumu matatu tunavyoviita kwa jina lao. Tunda la kwanza, Speed 400, lilizinduliwa London Juni 2023 na linatengenezwa Chakan, karibu na Pune. Lina tangi la kimviringo na taa ya duara, na mtu akiliona kwa mbali atajua limezaliwa katika nyumba gani. Ni la silinda moja, la bei ya chini kwa viwango vya Triumph, na lingeuzika haraka zaidi kama ubavuni lingeandikwa Bonneville. Hawakuandika. Jina hilo bado linawekwa kwenye injini za silinda mbili zilizosimama sambamba tu.