Kipindi cha bajeti (katika huduma za wingu)

kipindi *nm* [ki-/vi-]: sehemu ya wakati yenye mwanzo na mwisho unaojulikana, k.m. *kipindi cha mvua*, *kipindi cha mpito*. Hutumika pia kwa somo moja shuleni na kwa matangazo ya redio au televisheni. Katika huduma za kompyuta za wingu, kipindi cha bajeti ni sehemu ya wakati ambayo gharama zake hujumlishwa na kulinganishwa na kiasi kilichopangwa.

Kipindi na muda

*Muda* hutaja urefu. *Kipindi* hutaja urefu pamoja na mipaka. Anayesema "bajeti ya muda wa miezi mitatu" hajaeleza inaanza lini. Anayesema "bajeti ya kipindi cha Julai hadi Septemba" amemaliza maelezo. *Muhula* huhusu masomo au kushika madaraka, na haufai hapa.

Aina mbili za kipindi

Kiolesura cha programu cha bajeti cha Google Cloud hudai tofauti hiyo ielezwe waziwazi. Anayeunda bajeti huchagua mojawapo ya aina mbili:

1. *Kipindi cha kalenda*, kinachoandikwa calendarPeriod. Thamani zake ni MONTH (mwezi), QUARTER (robo mwaka) na YEAR (mwaka). Kipindi kikiisha, hesabu huanza upya yenyewe. Robo huanza tarehe 1 ya Januari, Aprili, Julai na Oktoba; mwaka huanza tarehe 1 Januari. Asiyechagua chochote hupewa mwezi.

2. *Kipindi maalumu*, kinachoandikwa customPeriod. Hapa hutajwa tarehe ya kuanza na, kwa hiari, tarehe ya mwisho. Kila tarehe huandikwa kwa namba za mwaka, mwezi na siku. Kipindi hiki hakijirudii. Tarehe ya mwisho isipotajwa, gharama zote tangu siku ya kuanza huendelea kujumlishwa. Aidha, kiasi cha bajeti hakiwezi kuwekwa kifuate matumizi ya kipindi kilichopita. Jambo hilo huruhusiwa katika kipindi cha kalenda pekee.

Mwaka na mwaka wa fedha

Hapa ndipo neno moja linapoweza kupotosha hesabu. Mwaka wa fedha wa serikali za Tanzania, Kenya na Uganda huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Mhasibu anayefuata mwaka huo akiagiza "bajeti ya mwaka", na mtayarishaji programu akaandika YEAR, jumla itarudi sifuri mwezi Januari, katikati ya mwaka wa fedha, na maonyo yatachelewa au yasije kabisa. Agizo sahihi ni kipindi maalumu cha tarehe 1 Julai 2025 hadi tarehe 30 Juni 2026, na kingine kiundwe mwaka unaofuata.

Robo mwaka haina tatizo hilo, kwa kuwa mipaka yake hulingana katika kalenda zote mbili. Kinachotofautiana ni jina tu: Julai hadi Septemba ni *robo ya kwanza* ya mwaka wa fedha, lakini ni *robo ya tatu* ya mwaka wa kalenda. Ni salama zaidi kutaja miezi.

Saa ya kuanza

Siku ya bajeti huanza saa sita usiku kwa saa za Pasifiki za Marekani na Kanada. Kwa Afrika Mashariki hiyo ni saa tano asubuhi, au saa nne asubuhi wakati wa saa za kiangazi za huko. Kwa hiyo gharama za alfajiri ya tarehe 1 Julai, kwa saa za Nairobi au Dodoma, bado huhesabiwa katika Juni.

Tahadhari ya matumizi

Bajeti ya aina hii isiitwe *ukomo wa bajeti*. Ukomo ni kiwango kisichoruhusiwa kupitwa; bajeti hii hutoa onyo tu, na huduma huendelea kutozwa baada ya kiasi kuzidi.

*Sahihi:* Bajeti ya kipindi cha tarehe 1 Julai 2025 hadi tarehe 30 Juni 2026.
*Si wazi:* Bajeti ya mwaka mmoja.

Tazama pia: ankara, muda, robo, ukomo.