Samadi haikupi utamu wa nyanya, chumvi ndiyo

Wanaopanda nyanya kwa makumbi ya nazi badala ya udongo wana stori moja: lisha maji ya samadi, nyanya itakuwa tamu, lisha mbolea ya dukani, utakula maji tu. Mimi hiyo siimezi.

Bishano lenyewe ni la kale. Mwaka 1929 William Gericke, wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, alianza kutangaza kilimo kisicho na udongo, mizizi ndani ya maji yenye madini. Minyanya yake ilirefuka hadi ikachumwa kwa ngazi, magazeti yakapagawa. Wenzake wa chuo hicho hicho, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, wakaamua kupima. Ripoti yao ya 1938 ikamwaga maji kwenye moto: panda mbegu moja kwenye udongo, mchanga au maji, ndani ya nyumba moja ya vioo, na ladha haina tofauti ya maana.

Na samadi? Mzizi hauli samadi jamani. Unangoja bakteria waivunje iwe naitreti, ile ile iliyo kwenye gunia la dukani. Ukiimwaga mbichi kwenye tangi, maji yananuka na mizizi inaoza. Watafiti wa Japani ilibidi kwanza wawafuge hao bakteria majini.

Lakini anayeonja utamu si lazima awe mwongo. Maji ya samadi mara nyingi yana chumvi, na chumvi kiasi huufanya mzizi uvute maji kidogo. Tunda linabaki dogo, sukari na ukali vinakolea. Ikizidi, kitako cha nyanya kinaoza na huna cha kuuza.

Hapa Gongoni chumvi si siri ya mapishi. Mashamba ya chumvi yametuzunguka, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilipokuja kuchunguza, ripoti ikatoka 2006, wakazi walilalamika kuhusu ardhi zao na visima vya maji matamu vilivyogeuka chumvi. Chumvi unaweza kuitia majini kwa kijiko. Kuitoa, sahau.

Kwa hiyo ukiniuliza pesa yako ya kwanza iende kwa chupa ya mbolea ya asili au tangi la kukinga mvua ya masika, mimi nasema tangi. Chumvi utaitia mwenyewe, kidogo kidogo, nyanya zikishaanza kunenepa.