Lahaja za Kimiao na mipaka iliyochorwa Guiyang

Mwaka 1956 wataalamu wa lugha walikutana Guiyang, mji mkuu wa jimbo la Guizhou nchini China, kuamua Wamiao waandike vipi. Utafiti wa vijijini ulikuwa umeonyesha kwamba watu wanaohesabiwa kuwa kabila moja hawaelewani. Kwa hiyo yakaamuliwa maandishi manne ya Kilatini, kila moja na kijiji chake cha mfano wa matamshi: Layiping kwa Kixong cha magharibi mwa Hunan, Yanghao kwa Kihmu, Dananshan kwa Kihmong, na Shimenkan kwa Kiahmao.

Kazi yenyewe ya kuchagua herufi ilikuwa ya kupendeza. Wahmu hujiita Hmub, na Waxong huandika jina lao Xongb. Hiyo b ya mwisho haitamkwi. Ni alama ya toni. Kinywani mwa Mhmu toni hiyo husimama katikati, ilhali kwa Mxong inapanda. Herufi ni ileile kwa sababu asili ya toni hizo ni moja, hata kama sauti zimeachana kwa karne nyingi.

Waahmao walikuwa na maandishi tayari. Mmisionari Mwingereza Samuel Pollard na wenzake Waahmao waliyabuni mwanzoni mwa karne ya 20: konsonanti kubwa, na irabu ndogo kando yake, ikipandishwa au kushushwa kufuata toni. Pollard alifariki Shimenkan mwaka 1915 kwa homa ya matumbo. Hati hiyo haikufa naye. Makanisani bado inasomwa.

Baadaye Kiahmao kilishushwa daraja. Katika kitabu cha mwanaisimu Wang Fushi cha mwaka 1985, Kimiao kina lahaja kuu tatu tu, na Kiahmao kimewekwa kuwa tawi dogo la lahaja ya magharibi. Wang alifuata historia ya sauti, na hoja zake ni nzito. Lakini neno lahaja linaficha mno. Mxong na Mhmong wakikutana, kila mmoja akishikilia lugha ya mama yake, hawataelewana. Mimi naziita lugha.

Tatizo ni kwamba orodha rasmi ya makabila ya China na orodha ya lugha hazikupimwa kwa kipimo kimoja. Wabunu wa Guangxi wamehesabiwa kuwa Wayao (kabila la China, si Wayao wa Afrika), ingawa lugha yao ni jamaa wa karibu wa Kimiao. Wamiao wa kisiwa cha Hainan, kinyume chake, huzungumza Kikim Mun, ambacho ni lugha ya Kiyao hicho cha China.