Njia ya Sabaki: Jilore na historia ya kuongoza wageni

Jilore iko kama kilomita ishirini magharibi ya Malindi, mahali Msitu wa Arabuko-Sokoke unapokomea upande wa kaskazini na ardhi kuanza kuteremka kuelekea bonde la mto Sabaki. Mto huu huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, hupokea maji ya Tsavo ukawa Galana, na ukifika pwani huitwa Sabaki. Kati ya pwani na Ukambani imetanda nyika kame ambayo imeua wasafiri wengi kwa kiu. Aliyeshika ukingo wa mto alikuwa na maji siku zote, ingawa aligawana nayo na viboko na mamba. Kwa sababu hiyo Jilore ilikuwa mlango wa bara muda mrefu kabla ya mtu yeyote kufikiria kumtoza mgeni fedha kwa kumwonyesha ndege au magofu.

Waliojua njia hiyo vizuri zaidi walikuwa Waata, ambao majirani zao huwaita pia Wasanye au Waliangulu. Walikuwa wawindaji wa ndovu kwa upinde mkubwa na mishale ya sumu, na waliwajua ndovu kwa nyayo, kwa kinyesi na kwa namna walivyovunja matawi. Pembe walizopata ziliwafikia Wagiriama, nao wakazipeleka kwa wafanyabiashara Waswahili wa miji ya pwani. Wagiriama wenyewe walitembea hadi Ukambani kubadilishana bidhaa. Njia zilipotoka mtoni, kilima cha Mangea, chenye urefu wa kama mita 500 na kinachoonekana kutoka mbali kwa kuwa ardhi yote inayokizunguka ni ya chini, kiliwasaidia kujua walipo.

Malindi mjini, kazi ya kuongoza wageni ina kumbukumbu ya zamani zaidi. Aprili 1498 Mreno Vasco da Gama alifika akitafuta mtu wa kumvusha hadi Bara Hindi. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa akishindana na Mombasa na kuhitaji rafiki mwenye mizinga, alimpa rubani, na mwezi uliofuata merikebu zake zikatia nanga karibu na Calicut. Vitabu vingi vya shule vimemtaja rubani huyo kuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari kutoka Uarabuni. Wanahistoria wengi sasa hawakubali. Wanaona alikuwa Mgujarati ambaye jina lake halina uhakika. Mgeni ana mnara wake wa mawe ufukweni mpaka leo. Aliyemwonyesha njia hajulikani hata alikuwa nani, na mgawanyo huo wa sifa umejirudia mara nyingi katika historia ya eneo hili.

Baada ya Wareno kuhamisha nguvu zao Mombasa mwishoni mwa karne ya 16, Malindi ilififia hadi ikawa karibu mahame. Ilifufuliwa miaka ya 1860 chini ya Sultani Majid wa Zanzibar, na mashamba ya mtama na ufuta yakaenea yakilimwa na watumwa. Mashamba hayo ndiyo yaliyoipa njia ya Sabaki wasafiri wa aina mpya: watoro. Waliokimbia utumwa walijificha bara, wakaanzisha makazi kama Fuladoyo na Makongeni, wakalima na kujilinda kwa silaha. Watu hao walilazimika kuijua nyika kama wenyeji wake, kwa maana kupotea kulimaanisha kufa au kurudishwa kwenye minyororo.

Frederick Lugard alipotumwa mwaka 1890 na kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki kufungua njia ya kufuata Sabaki hadi Machakos, ni watoro hao aliowaajiri. Makubaliano yalikuwa kwamba wafanye kazi na mishahara yao iwakomboe. Walikata vichaka, wakajenga maboma kando ya mto. Lugard aliisimulia safari hiyo katika kitabu chake na akaenda zake Uganda kutafuta umaarufu mkubwa zaidi. Miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 1890 wamisionari Waingereza wa CMS walifungua kituo Jilore, Douglas Hooper akiwa miongoni mwao. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu palikuwa njiapanda: Wagiriama walikuwa wakihama kaskazini na kuvuka Sabaki kutafuta ardhi ya rutuba, watoro walikuwa karibu, na Malindi haikuwa mbali.

Reli ndiyo iliyoiua barabara hiyo. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Victoria mwaka 1901. Mizigo, askari na wageni wote wakapitia Voi. Njia ya Sabaki, iliyokuwa karibu kuwa barabara kuu ya Afrika Mashariki, ikabaki ya wachungaji, wawindaji na wakulima. Serikali iliikumbuka ilipotaka kodi na vibarua. Mekatilili wa Menza aliwahamasisha Wagiriama kukataa, akakamatwa mwaka 1913 pamoja na Wanje wa Mwadorikola na kupelekwa Kisii; walitoroka wakarudi nyumbani kwa miguu, mamia ya kilomita. Agosti 1914 Waingereza walilipua Kaya Fungo, makazi matakatifu ya Wagiriama msituni, kwa baruti, vita vikazuka, na Wagiriama wa ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki wakafukuzwa katika mashamba yao kwa miaka kadhaa. Anayeongoza wageni Jilore leo akaruka habari hii atakuwa ameonyesha mto bila kueleza kwa nini watu wa hapo hawakuiamini serikali kwa muda mrefu.

Utalii wenyewe ulipoanza, ulianzia upande wa bahari. Hoteli za kwanza za Malindi zilijengwa miaka ya 1930 kwa ajili ya walowezi waliotoka bara kuogelea na kuvua samaki wakubwa. Gede, mji wa mawe uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 17, ulitangazwa kuwa eneo la kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927, na James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968. Kisha wakaja Waitaliano, wakivutwa kwanza na kituo chao cha kurushia setilaiti huko Ngomeni, baadaye na jua na bei ya viwanja. Mgeni alishuka uwanja wa ndege, akalala hotelini, akapelekwa Gede nusu siku. Bara halikuwamo katika ratiba, isipokuwa kama vumbi la kupita kuelekea lango la Sala la Tsavo Mashariki.

Katika kipindi hichohicho, wenye ujuzi wa bara walikuwa wakifungwa. Hifadhi ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, na miaka ya 1956 na 1957 operesheni kubwa dhidi ya uwindaji haramu iliwapeleka Waata wengi gerezani. Kazi ya baba zao ilikuwa imegeuzwa jinai. Mradi wa Galana wa mwaka 1960 ulijaribu kuwapa nafasi ya kuwinda kihalali kando ya mto na ukashindwa. Hata hivyo, maofisa waliowakamata walijua thamani yao: baadhi ya Waata waliajiriwa kufuata nyayo. Ujuzi uliomtia mtu pingu asubuhi ulimpatia mshahara jioni, ila sasa akimtumikia mwingine. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa burudani mwaka 1977.

Msitu wa Arabuko-Sokoke ndio uliorudisha wageni upande wa Jilore. Una eneo la kilomita za mraba zipatazo 420, na ndani yake mna misitu mitatu iliyopakana: mchanganyiko wa miti upande wa mashariki wenye mvua nyingi, mirihi katika mchanga mweupe katikati, na kichaka kizito katika udongo mwekundu magharibi. Huko kwenye udongo mwekundu anaishi bundi wa Sokoke, ndege asiyezidi sana urefu wa kiganja cha mkono, ambaye wanasayansi walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Huyu humleta mtazamaji wa ndege kutoka Uingereza au Marekani, lakini mgeni akiwa peke yake anaweza kumaliza siku nzima asimwone. Mchana bundi hulala ndani ya kichaka, mara nyingi jike na dume wakiwa wameshikana ubavu, rangi zao zikifanana na majani makavu. Mwongozaji wa kijijini huwatafuta mapema, akakariri mti, kisha akamwongoza mgeni akiwa ameinama kati ya miiba hadi hatua chache kutoka tawini. Hakuna ramani inayoweza kazi hiyo. Sange, mnyama mdogo mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, ni rahisi kidogo kumpata: husikika akichakura majani kabla ya kuonekana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanavijiji wengi waliozunguka msitu walitaka ukatwe wagawiwe mashamba, na haikuwa ajabu, kwa kuwa ndovu na nyani walikula mahindi yao na wao hawakupata chochote. Mradi wa Kipepeo ulioanza Gede mwaka 1993 uliwalipa wakulima kwa kufuga viwavi. Mwaka 2001 shirika la A Rocha Kenya lilianzisha mpango unaotumia viingilio vya wageni kulipa karo za sekondari. Vijana walifunzwa majina ya ndege kwa Kiingereza na Kilatini, ilhali wengi wao walikuwa wanayajua tayari kwa Kigiriama. Chama cha waongoza safari wa Kenya, kilichoundwa mwaka 1996, kiliweka mitihani ya ngazi ya shaba, fedha na dhahabu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ikaruhusu vyama vya jamii kushiriki katika usimamizi wa msitu pamoja na serikali.

Kaskazini ya mto, Marafa imefuata mkondo huohuo. Korongo la Nyari, lililochongwa na mvua katika mchanga mwekundu, mweupe na wa zafarani, linaongozwa na wenyeji, nao husimulia hadithi ya matajiri waliooga maziwa hadi ardhi ikawameza.

Utalii wa mila umekuwa na madhara makubwa kuliko ule wa ndege. Vigango, nguzo za mbao wanazosimamishiwa wanachama waliokufa wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, viliibwa kwa mamia na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, vikaishia katika makumbusho ya Marekani. Viwili vilirejeshwa mwaka 2007, na 30 vya makumbusho ya Denver vikaahidiwa kurudi mwaka 2014. Wezi wengi walionyeshwa njia na mtu wa karibu, na hii ndiyo aibu isiyozungumzwa ya kazi hii. Kaya za Mijikenda, zilizoingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, bado hutegemea uamuzi wa wazee kuhusu nani aingie na aishie wapi.

Biashara hii huyumba kila pwani inapopata habari mbaya: ghasia za Likoni mwaka 1997, shambulio la Kikambala mwaka 2002, ghasia za uchaguzi wa 2007, korona mwaka 2020. Hoteli hufunga, na mwongozaji asiye na mshahara hurudi shambani siku hiyohiyo. Gede ilipoingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, matumaini yalipanda tena, ingawa magari mengi ya Tsavo yanaendelea kuipita Jilore bila kusimama. Anayetaka kuujua upande huu aingilie Jilore alfajiri, achukue mwongozaji wa hapohapo, na amlipe mwenyewe mkononi.